Siku Moja ya Kazi Yako Inakuletea Franka Ngapi?



Mwisho wa msimu B, maharagi yakiwa yamekwisha kupurwa, tuliketi na memba wa koperative moja ya teritwari ya Kabare, Kivu ya Kusini, chini ya muti wa avoka karibu na depo yao. Tulikuja kuongea juu ya mbegu za msimu A. Lakini mama mmoja aliinua mkono, akauliza ulizo lililovunja programu yetu yote ya siku ile: "Kila mara munatuambia tutazalisha zaidi. Miye ninazalisha. Sasa juu ya nini mu mufuko hamubakiyi kitu?"

Jibu la haraka hatukuwa nalo. Sisi wa-agronomu tumezoea kuhesabu kilo kwa hekta. Ukitoka kilo 600 ukafika 900, tunafurahi, tunaandika ripoti, tunarudi Bukavu. Yule mama hakuuliza juu ya kilo. Aliuliza juu ya kile kinachobaki. Basi tuliomba ubao wa shule ya jirani, tukamuomba atuhesabie shamba yake mbele ya wote, naye akakubali. Jina lake tunaliacha, maana hesabu ya nyumba ya mtu ni yake. Bei nazo tumezifanya namba nyepesi ili zifuatike. Wewe msomaji utatia bei za soko yako.

Hesabu ya kichwani

Shamba yake ni ya ari 20, ndiyo kusema metre 40 kwa metre 50. Anaikodi. Mwezi wa pili alipanda kilo 25 za maharagi mafupi, mbegu aliyoibakisha mwenyewe. Mwezi wa sita alivuna kilo 140. Aliuzisha kilo 80 ku soko ya Mudaka kwa franka 1.800 kilo moja, akapata 144.000. Kodi ya shamba ilimchukua 30.000. Watumikaji wa kulima, siku 8 kwa 3.000, wakachukua 24.000. Gari na takse ya soko 8.000, mifuko na kamba 4.000. Jumla 66.000. Kwa hiyo alirudi nyumbani akijua kwamba faida yake ni 78.000, na ile 78.000 ilikwenda yote ku deni la minervali, juu watoto wenye deni walikuwa wanafukuzwa siku ya egzameni.

Hesabu hii si ya uongo. Feza aliyoishika mkononi ilikuwa ile. Lakini ina matundu mawili, na moja linavuta huku, lingine kule.

Tundu la kwanza ni mbegu. Mama alisema: "Ile haikunigaramia, ilikuwa yangu." Tukamuuliza kama mwezi wa pili, siku ile ya kupanda, jirani angetaka kununua zile kilo 25, angemwachia kwa bei gani? Akajibu bila kufikiri: 2.800 kilo. Basi ni franka 70.000 alizozifukia ndani ya udongo. Gharama kubwa kuliko zote za shamba ile, kupita hata kodi, na haikuandikwa popote.

Tundu la pili ni chakula. Kilo 35 zililiwa nyumbani, na kilo 25 zimewekwa mbegu tena. Kichwani mwake hizo kilo 60 zilipotea. Hapana. Kama shamba isingekuwako, maharagi ya watoto angeyanunua ku soko. Kile munachokula ni mapato, sawa na kile munachouzisha. Kwa hiyo tuliandika mavuno yote: kilo 140 kwa 1.800, ni 252.000. Tukaondoa gharama zote pamoja na mbegu, 136.000. Kukabaki 116.000.

Watu wakapiga makofi, maana 116.000 inapita 78.000. Kidogo tu tungefunga mkutano pale, na tungekuwa tumewadanganya.

Siku arobaini

Tuliuliza: nani alifanya kazi nyingine, ile isiyolipwa? Baba mmoja akajibu haraka: "Kazi ya wamama ku shamba hatuiandikake. Ile iko kazi ya nyumba." Wanaume wachache walicheka. Wamama hawakucheka.

Tukahesabu siku, na siku tuliihesabu kutoka saa moja asubuhi mpaka saa saba, kama vile watumikaji wanavyohesabiwa huku. Kupanda, siku 4. Kupalia mara mbili, siku 18. Kuvuna, siku 10. Kupura na kupepeta, 6. Kupeleka ku soko, 2. Jumla siku 40, karibu zote za mama mwenyewe na za binti yake, ambaye kwa kupalia aliacha shule mara kadhaa. Tukagawanya 116.000 kwa 40: franka 2.900 kwa siku moja.

Mtu wa kulima alilipwa 3.000.

Mama alitazama ubao muda mrefu, kisha akasema: "Njo kusema bale nililipa banapata kunipita miye mwenye shamba." Nao hawakubeba hatari yoyote. Mvua ya mawe ingepiga yale maharagi, wale walikuwa wamekwisha kula 3.000 zao.

Hapo mzee mmoja, mmoja wa wale walioanzisha koperative, alikasirika. "Mukianza kuhesabu siku zetu, kesho hakuna mutu atabakia ku shamba. Shamba haiko duka." Tunamheshimu, na kwa sehemu ana haki. Kazi ya 3.000 haipatikani siku 40 mfululizo. Inapatikana wakati wa kulima, wakati ambapo kila mtu anaitafuta, kisha inakwisha. Tena maharagi ya nyumbani yanalinda jamaa siku ambazo bei inapanda. Hatukuandika 2.900 ili mama aache kulima. Tuliiandika ili mwaka ujao awe na kitu cha kulinganisha: msimu huu na msimu uliopita, maharagi na mihogo juu ya shamba ileile, namna hii ya kupanda na namna nyingine. Bila hiyo namba, kila mtu anafuata yule anayesema kwa sauti kubwa, nasi wa-agronomu tukiwa ndani.

Na tuungame kidogo. Miaka michache iliyopita tulihubiri sana maharagi ya kupanda juu ya miti, sababu yanazaa kupita maharagi mafupi. Ni kweli yanazaa. Lakini ari 20 zinaomba miti ya kushikilia maelfu, na pahali ambapo miti imekwisha, mlimaji anainunua ku mafungu, inaoza baada ya misimu michache, ananunua tena. Kwa wale wenye miti yao pembeni ya shamba, shauri letu lilikuwa zuri. Kwa wengine tuliongeza kilo, tukapunguza franka. Kama tungehesabu siku za kukata na kubeba ile miti, tungeona mapema.

Wapi pa kugusa kwanza

Mtu akiona 2.900 anakimbilia kusema: mbolea ya duka, mbegu mpya, shamba kubwa. Sisi tulisema tuangalie kwanza gharama iliyo kubwa kuliko zote, na ile ilikuwa mbegu: 70.000 juu ya 136.000, zaidi ya nusu.

Kilo 25 ku ari 20 ni nyingi. Mama alimwaga mbegu ovyo, kisha akafunika na jembe. Ukipanda kwa mistari, sentimetre 40 kati ya mistari na 20 ndani ya mstari, mbegu mbili kila shimo, ari 20 zinachukua mashimo 25.000, ndiyo kusema mbegu 50.000. Kama mbegu mia moja zina gramu 35, utahitaji kilo 17 na nusu. Tuseme 18. Kilo 7 zinabaki nyumbani, na kwa bei ya kupanda ni 19.600. Lakini usipunguze mbegu kabla ya kujua kama inaota. Hesabu mbegu 100, zifunike ndani ya kitambaa chenye maji, chunguza siku ya saba. Zikiota chini ya 85, tafuta mbegu nyingine.

Jambo la pili ni wakati wa kuuzisha. Mwezi wa sita kila nyumba inatoa maharagi, bei inaanguka. Mwezi wa tisa kila nyumba inatafuta mbegu, bei inapanda. Kila memba anajua hivyo, hakuna anayehitaji agronomu kumfundisha. Wanauzisha mapema juu ya sababu mbili: deni na fukuzi.

Kwa fukuzi kuko mfuko wa PICS, ule wenye nailoni mbili ndani na gunia moja nje. Ukifungwa vizuri, hewa inakwisha ndani, fukuzi wanakufa bila dawa. Inaomba maharagi makavu kabisa. Namna ya kujua ni rahisi: tia chumvi kavu na maharagi kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa dakika moja, ngojea kidogo. Chumvi ikishikamana na kioo, rudisha maharagi ku jua.

Kwa deni hakuna mfuko. Hapa ndipo koperative inapata kazi yake. Tulihesabu hivi: katika zile kilo 80, mama auzishe 40 mwezi wa sita, apate 72.000 za haraka, na 40 aziweke depo mpaka mwezi wa tisa. Kama bei inafika tena 2.800, anaongeza 40.000. Aondoe mfuko 7.000, anabaki na 33.000. Kama alihitaji feza zaidi na koperative ikamkopesha 50.000 juu ya maharagi yake, kwa faida ya 5 juu ya 100 kila mwezi, miezi mitatu itamchukua 7.500, naye bado atabaki na 25.500. Lakini bei inaweza kukataa kupanda. Barabara ikifunguka na maharagi ya upande mwingine yakajaa soko, utakuwa umengojea bure. Ndiyo maana tulisema nusu, si yote.

Tukiacha mkopo, mbegu na wakati wa kuuzisha vinaleta pamoja 52.600. Ile 116.000 inakuwa 168.600, na siku moja inakuwa 4.215, bila kilo moja ya mavuno kuongezeka. Na mistari inarahisisha kupalia. Kama siku 4 zinapungua hapo, siku inafika karibu 4.700. Tuseme wazi kwamba tulipendezwa zaidi na zile siku 4 kuliko na franka, sababu ni siku za binti.

Kuna jambo dogo ambalo watu walitaka tuliandike: gigozi. Tulileta kilo ya kupimia, tukapima gigozi moja iliyojazwa sawa na mdomo, kisha ileile ikijazwa mpaka kilima, kama vile wanunuzi wanavyopenda. Tofauti ilipita gramu mia mbili. Ukiuzisha kwa gigozi, huuzishi kwa bei unayofikiri. Kabla ya kuandika bei yoyote katika kaye yako, pima mara moja kopo ya soko yako, ujue kilo yake kweli ni franka ngapi.

Nguruwe wa Noeli

Baba yule aliyesema kazi ya wamama haiandikwi, naye alikuwa na nguruwe. Mwezi wa nane tulikuwa tumempima kwa kamba: kilo 85. Wakati ule bei ilikuwa 5.000 kilo akiwa hai, basi nguruwe alikuwa wa 425.000. Mnunuzi alikuja, baba akakataa. Alitaka bei ya Noeli.

Noeli ilipofika, bei ilipanda kweli mpaka 5.500, na nguruwe alikuwa na kilo 103. Akauzisha 566.500, akafurahi: 141.500 zaidi! Tulimuuliza tu kwa mwezi chakula kilikuwa ngapi. Dreshi ya kutoka kiwanda cha pombe Bukavu, pamoja na majani aliyonunua, 38.000. Miezi minne ni 152.000. Alilisha 152.000 ili apate 141.500. Alipoteza 10.500, na hatukuhesabu dawa ya minyoo wala asubuhi mia na zaidi za kusafisha kibanda. Na miezi ile minne yote alikuwa analala na woga wa pesti ya nguruwe, ambayo ikiingia kijijini haina dawa, inamaliza kibanda kwa siku chache.

Kosa lake halikuwa uvivu. Mnyama mdogo anageuza chakula kuwa nyama upesi. Akikomaa, chakula kingi kinakwenda kumtunza tu jinsi alivyo. Kuna siku ambapo kile anachokula kwa mwezi kinapita bei ya kilo anazoongeza, na siku ile ndiyo ya kuuzisha. Baba aliipita bila kuiona, juu hakuwa anapima.

Kupima si kazi ngumu. Chukua metre ya fundi nguo, ama kamba na metre. Zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu wa mgongo, kutoka katikati ya masikio mpaka mwanzo wa mkia. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, kisha kwa 69,3, yote ikiwa katika metre. Kifua 0,90 na urefu 0,95 inatoa karibu kilo 53. Baada ya mwezi kifua 0,94 na urefu 0,99, karibu kilo 60. Ameongeza 7, ndiyo 35.000. Kama amekula 25.000, endelea kumlisha. Namba hii inaweza kukosea kilo kadhaa, kwa hiyo mtu awe yuleyule, iwe asubuhi kabla ya kula, mnyama asimame akiwa ametulia, kichwa kikiwa sawa.

Mboleo yake nayo ni mapato. Baba alikuwa ameiacha ioshwe na mvua nyuma ya kibanda. Mke wake, aliyeketi nyuma kabisa, ndiye aliyetukumbusha.

Kaye moja kwa nyumba

Tulimaliza mkutano bila kugusa mbegu za msimu A. Tulikubaliana jambo moja tu: kila nyumba inunue kaye ya shule na kuitia misitari mitatu. Feza iliyotoka. Kile kilichoingia, pamoja na kilicholiwa. Siku zilizofanywa, na jina la aliyezifanya. Asiyejua kuandika atatumia mtoto wake, ama atakwaruza ukutani kijiti kimoja kila siku ya shamba, namna wazee walivyohesabu ng'ombe. Usingoje mwisho wa msimu kukumbuka. Tumejaribu, watu wanasahau karibu kila safari ya kupalia.

Komite nazo zisifikiri kaye ni ya memba peke yao. Kongo ni ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, inadai hesabu zifungwe kila mwaka na zipelekwe mbele ya mkutano mkuu. Memba ana haki ya kuuliza: ulinzi wa depo ulikuwa ngapi, kila kilo iliyopita hapa ilitugaramia ngapi? Depo inayokula 400 juu ya kila kilo ili kuleta 300 ni sawa na nguruwe wa Noeli.

Baba wa nguruwe alikuja kutuona wakati tulikuwa tunafunga ubao ku pikipiki. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama siku za mke wake za kukata majani ya viazi vitamu ziingie pia katika kaye yake. Tulisema ndiyo. "Basi ile hasara itapita 10.500," akasema. Tulisema ndiyo tena.

Mama wa maharagi ameweka kilo 40 ndani ya mfuko mmoja, na mfuko umefungwa katika depo tunapoandika maneno haya. Mwezi wa tisa tutaufungua pamoja naye mbele ya memba, tutapima, na bei atakayopata tutaiandika hapa, ikiwa imepanda ama haikupanda.